The Fortune Cookie

The Fortune Cookie (yaani "Biskuti ya Bahati") ni filamu ya vichekesho ya mwaka 1966 kutoka Marekani, inayohusu udanganyifu wa bima. Iliongozwa na kutayarishwa na Billy Wilder, ambaye aliandika hadithi yake pamoja na I. A. L. Diamond. Nyota wake ni Jack Lemmon na Walter Matthau, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo wawili hao waliigiza pamoja. Nchini Uingereza ilionyeshwa kwa jina la *Meet Whiplash Willie*.

Hadithi

Harry Hinkle (Lemmon) ni mpiga picha wa televisheni ya CBS. Akiwa kazini katika uwanja wa Cleveland, anagongwa na Luther "Boom Boom" Jackson (Ron Rich), mchezaji Mweusi wa timu ya futiboli ya Cleveland Browns. Hakuumia sana. Lakini shemeji yake, wakili Willie Gingrich (Matthau), anamshawishi ajifanye amepooza ili walipwe fidia kubwa.

Ujanja wao unategemea jambo moja la kweli: Harry ana jeraha la zamani katika pingili ya uti wa mgongo, alilolipata utotoni. Picha za eksirei zinalionyesha, na Gingrich anadai limetokana na ajali ya uwanjani. Kampuni ya bima haiamini. Inamwajiri mpelelezi Purkey (Cliff Osmond), ambaye anaficha vinasa sauti nyumbani kwa Harry na kumpiga picha kutoka jengo la ng'ambo ya barabara.

Harry anakubali kudanganya kwa sababu anatamani kurudiana na mtalaka wake Sandy (Judi West), ambaye anarudi kwa kufuata pesa. Wakati huohuo anayeumia zaidi si kampuni ya bima bali Boom Boom. Akiamini kwamba amemlemaza mtu, anamhudumia Harry kama ndugu, anaanza kulewa, na mchezo wake unaharibika.

Siku hundi ya dola 200,000 inapofika, Purkey anamtukana Boom Boom kwa maneno ya kibaguzi mbele ya Harry. Harry anasimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kumpiga, huku kamera ikirekodi. Anapoteza fedha zote, kisha anamfuata Boom Boom uwanjani kumweleza ukweli.

Jina

Biskuti ya bahati hutolewa katika migahawa ya Kichina nchini Marekani, ikiwa na kikaratasi chenye maneno ndani yake. Harry anakuta usemi unaohusishwa na Abraham Lincoln, kwamba huwezi kuwadanganya watu wote siku zote.

Utengenezaji na tuzo

Filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na imegawanywa katika sura 16, kila moja na kichwa chake. Muziki ulitungwa na André Previn. Upigaji ulisimama kwa wiki kadhaa baada ya Matthau kupatwa na mshtuko wa moyo.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 4 za Oscar. Matthau alishinda ile ya Mwigizaji Bora Msaidizi. Baadaye yeye na Lemmon waliigiza pamoja tena, kwa mfano katika *The Odd Couple* (1968) na *Grumpy Old Men* (1993).