Ghala Limejaa, Damu Pungufu

Iringa huivunia nchi mahindi. Mbeya ina mchele wa Kyela na Mbarali, ndizi na maparachichi ya Rungwe. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu: takribani watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Udumavu huweza kuanzia tumboni, kwa hiyo tuitazame sahani ya mjamzito, na damu yake.

Kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Huvimeza, na wakati mwingine damu haipandi. Sababu mojawapo ni mchochota, yaani kinga ya mwili kubaki imewashwa muda mrefu kwa maambukizi au unene uliozidi. Hapo ini hutoa kwa wingi homoni ya hepsidini, bawabu anayeyazuia madini ya chuma yasitoke utumboni kuingia kwenye damu. Katika ujauzito wenye afya, hepsidini hushuka kuanzia miezi ya kati ili mama na mtoto wapate chuma cha kutosha. Mchochota huizuia isishuke inavyotakiwa.

Chakula nacho kinaweza kuuwasha mchochota. Jaribio la Kilimanjaro lililochapishwa mwaka 2025 lilihusisha vijana 77. Waliozoea vyakula vya asili walipohamia vya kizungu kwa wiki mbili, dalili za mchochota katika damu zilipanda. Wa mjini waliorudia vya asili, zilipungua. Wote walikuwa wanaume, hivyo halithibitishi lolote kuhusu wajawazito. Kwangu linatosha kuuliza kwa nini tunaona chipsi na soda ni maendeleo.

Mashineni wengi hukoboa mahindi wapate sembe nyeupe. Dona hubakiza kiini na virutubisho vyake, ingawa pia hubakiza fitati zinazobana chuma. Kuchachusha unga, kama kwenye togwa, huzipunguza. Mahindi yawe makavu, yasiyo na ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Pembeni maharage, mnafu, usipa wa Ziwa Nyasa na kipande cha chungwa. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya mlo, kwani nayo hubana chuma.

Vyote hivyo vinapatikana sokoni, vingine shambani kwa mjamzito mwenyewe. Tatizo ni kwamba maharage na maparachichi hupakiwa kwenye lori, fedha ikashikwa na baba, na aliyeyapalilia akiwa na mimba akabaki na ugali na mboga chache.