Moto wa Samadi Uishie Kwenye Rundo

Huko Ulaya wakulima wa bustani wana mbinu ya tangu zamani. Majira ya baridi yakikaribia kwisha, hujaza shimoni samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu, kina cha nusu mita au zaidi. Juu yake hutandaza udongo wa sentimita 15 hivi na kufunika kwa fremu ya mbao yenye kioo. Samadi inapooza hutoa joto, na miche huota ilhali nje bado kuna baridi kali. Mkulima wa Isiolo, Kenya, akiiga hivyo hivyo, ataunguza mbegu zake.

Joto hilo ni kazi ya vijidudu. Vikipata naitrojeni ya kinyesi, kaboni ya majani makavu, maji na hewa, hula na kuzaana kwa kasi, na kiini cha rundo hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Penye baridi, joto hilo likipanda taratibu kupitia udongo huwa ni neema. Mji wa Isiolo uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na miche ya kupandikizwa mvua ya masika inapoanza husiwa Februari, wakati joto la mchana linapita nyuzi 30. Mbegu ya nyanya huota vizuri kati ya nyuzi 20 na 30. Udongo ukipita 35, nyingi hazioti. Anayehitaji kupasha kitalu moto ni mkulima wa Timau, zaidi ya mita 2,000, kwenye baridi ya usiku ya Mlima Kenya. Sisi wa huku chini tunahitaji kivuli.

Hata hivyo, moto wa samadi una kazi yake Isiolo: kusafisha. Samadi ya boma hubeba vimelea vya magonjwa na mbegu za magugu. Mbuzi hupenda maganda matamu ya mti wa mathenge, na mbegu zake hupita tumboni zikiwa nzima, tayari kuota. Rundo likishika nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi hufa. Ya mathenge ina ganda gumu, kwa hiyo itakayoponyoka ing'oe ikingali changa.

Anza kuandaa rundo Desemba mapema, nyasi za mvua za vuli zikiwa bado zipo. Chukua kidonge cha samadi ya mbuzi kilichokauka ukipasue: hata kama kimenyeshewa, mara nyingi ndani ni kikavu kabisa. Ndiyo maana vidonge vikirundikwa vikavu hukaa miezi bila kuoza. Viponde, uviloweke usiku kucha, kisha uvipange tabaka kwa tabaka na nyasi kavu au mabua ya mahindi. Rundo lisipungue mita moja kila upande, la sivyo joto litapotea. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, yatoke matone machache tu. Lifunike lisikaushwe na upepo.

Chomeka chuma katikati, ukitoe baada ya dakika chache. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, kazi inaendelea. Joto likishuka, geuza rundo ili ya nje iingie ndani, uongeze maji. Rudia hadi likigeuzwa lisipate moto tena. Mboji iliyoiva ni nyeusi na hunukia udongo wa mvua. Ikichoma pua kwa amonia, bado. Samadi ya boma pia huwa na chumvi, hasa mahali ambapo mvua haiioshi. Kwa hiyo panda mbegu chache za mahindi kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo, na nyingine kwenye udongo mtupu. Za mboji zikichelewa au zikinyauka, usiipeleke kitaluni.

Kitalu chenyewe kiwe na upana wa mita moja, kimezama sentimita 15 ili kila tone la maji libaki ndani. Changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo. Sia kwa mistari, kina cha sentimita moja, utandaze nyasi na kuziondoa mara miche inapochomoza. Jenga kichanja cha kimo cha mita moja, ukiezeke kwa wavu wa kivuli au majani ya mkoma, mwanga upenye. Mwagilia asubuhi na jioni bila kuloweka, maana unyevu uliozidi huleta kinyaushi, ugonjwa unaokata shina usawa wa ardhi. Zungushia miiba: mbuzi aliyekupa samadi ndiye wa kwanza kuitamani miche.

Siku kumi kabla ya kupandikiza, punguza maji na kivuli kidogo kidogo. Nyanya huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita, sukuma wiki baada ya nne hivi. Aliyesia katikati ya Februari atakuwa na miche mkononi mvua ikianza mwishoni mwa Machi. Aliyesubiri mvua ndipo asie atapandikiza Mei, masika yakiaga, na miche yake itaishi kwa maji ya kununua.