Usiku GitLab Walipotafuta Nakala

Wanangu, ninachowasimulia leo kilitokea kweli, na waliofikwa nacho ndio waliokieleza hadharani bila kuficha kitu.

Ilikuwa tarehe 31 Januari 2017, mnamo saa tano usiku kwa saa za Greenwich. Huku kwetu Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa tayari saa nane, usiku wa kuamkia Februari mosi. Fundi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa bado macho mbele ya kompyuta yake. Alitaka kufunga kazi mapema zaidi, lakini hifadhidata ya kampuni ilikuwa inasumbua tangu jioni, na moyo wake haukukubali kuiacha vile akalale.

GitLab ni mahali ambapo watunzi wa programu huweka kazi zao ili waziandike pamoja, hata kama mmoja yuko Arusha na mwenzake yuko Amsterdam. Mradi huo ulianza mwaka 2011 kwa mkono wa Dmitriy Zaporozhets wa Ukraine, kisha Mholanzi Sytse Sijbrandij akaungana naye wakajenga kampuni. Seva zao hawakuziweka ofisini. Walizikodi katika Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, kama wafanyavyo wengi siku hizi: kompyuta ni za mwingine, ziko mbali, na wewe unazitumia kupitia intaneti na kulipia.

Kabla hatujaendelea, ni lazima tujue hifadhidata hiyo ilikuwa ya namna gani, maana bila hivyo hamtaona uzito wa kilichofuata. Chukueni maktaba ya shule yenu. Kuna orodha ya wanafunzi, kila mmoja na namba yake. Kuna orodha ya vitabu, kila kimoja na namba yake. Halafu kuna orodha ya tatu, ya kuazima. Hiyo hairudii majina. Inasema tu kwamba mwanafunzi namba 214 amechukua kitabu namba 87, na tarehe. Mwanafunzi akibadilisha jina, unasahihisha mahali pamoja tu, na orodha nyingine zote zinabaki sahihi. Namba ndizo zinazozifunga orodha hizi pamoja. Aliyelieleza wazo hili kwa mara ya kwanza ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, katika makala yake ya mwaka 1970. Hifadhidata za aina hii huitwa hifadhidata za uhusiano, na mpaka leo ndizo zinazobeba akaunti za benki, tiketi za ndege na matokeo ya mitihani. GitLab walitumia moja iitwayo PostgreSQL, ambayo asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Ndani yake kulikuwa na watumiaji, miradi, na maoni ambayo watu huandikiana kuhusu kazi zao. Programu zenyewe zilihifadhiwa kando, katika mafaili mengine. Likumbukeni hilo.

Seva za hifadhidata zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipokea kila kitu kipya. Ya pili iliiga kila ilichofanya ya kwanza, papo kwa papo, ili ya kwanza ikianguka ya pili ishike nafasi yake. Jioni ile mzigo uliongezeka ghafla, kwa sehemu kwa sababu ya watu waliokuwa wakimwaga takataka za matangazo katika mfumo, na seva ya pili ikabaki nyuma mno kiasi cha kushindwa kuifikia ya kwanza. Dawa yake ni kuifuta seva ya pili na kuijaza upya kutoka kwa ya kwanza. Fundi akajaribu. Chombo cha kunakili kikakaa kimya, bila neno la kosa wala la mafanikio. Akajaribu tena, kimya kile kile. Akahisi kwamba labda folda ya data katika seva ya pili haikuwa tupu sawasawa, na kwamba chombo kinaikataa. Akaandika amri ya kuifuta.

Ilipita sekunde moja au mbili ndipo akaona kwamba dirisha alilokuwa akiandika lilikuwa la seva ya kwanza.

Alisimamisha amri palepale. Katika gigabaiti 300 hivi za data, zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Kinachoniuma zaidi katika kisa hiki ni jambo lililogunduliwa baadaye: kile chombo hakikuwa na hitilafu yoyote. Kilikuwa kinasubiri seva ya kwanza iwe tayari, na hakikuandikwa kiseme kwamba kinasubiri. Folda haikuhitaji kufutwa tena.

Sasa, mtu aliyepoteza data huenda kwenye nakala zake za akiba, na GitLab walikuwa na njia kadhaa. Ya kwanza ilikuwa nakala ya kila siku, inayotengenezwa na chombo cha PostgreSQL kiitwacho pg_dump. Chombo hiki husoma hifadhidata nzima na kuiandika katika faili, na faili hilo lilipaswa kupelekwa Amazon S3, ghala la mafaili la kampuni nyingine kabisa. Mpango mzuri, wenye akili. Walipofungua ghala, lilikuwa tupu. Hifadhidata yao ilikuwa toleo la 9.6, lakini pg_dump iliyokuwa ikiitwa kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2, na chombo cha zamani hukataa kunakili hifadhidata mpya kuliko chenyewe. Kwa hiyo kila siku kazi ilianza na kila siku ilishindwa. Je, hakukuwa na onyo? Lilikuwepo. Kila kazi iliposhindwa, barua pepe ilitumwa. Lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji unaotakiwa, na mfumo wa barua ukazikataa zisimfikie mtu.

Njia nyingine ilikuwa picha za diski ambazo Azure yenyewe huweza kupiga. Zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili. Kwa seva za hifadhidata hazikuwashwa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba njia nyingine zinatosha. Na ile seva ya pili iliyokuwa ikiiga ya kwanza ilikuwa imeshafutwa ili ijazwe upya. Hata ingekuwa nzima, msiihesabu seva ya aina hiyo kuwa nakala ya akiba. Kazi yake ni kuiga. Ukimfuta mtumiaji kwa bahati mbaya katika seva ya kwanza, ya pili nayo itamfuta, kwa utiifu ule ule na pengine ndani ya sekunde hiyo hiyo.

Wakulima wa mahindi huku kwetu hutunza mbegu juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mkulima makini haishii hapo. Kabla ya mvua huchukua punje chache, huziloweka, akaona kama zinachipua. Mahindi yanaweza kuning'inia pale mwaka mzima yakimpa moyo, na ndani yake punje zimekufa. Ndivyo zilivyokuwa nakala za GitLab. Waliziandaa, wakazipangia muda, wakaziandika katika miongozo ya kazi, ila hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuzirejesha mara kwa mara aone kama zinafufuka. Mimi naamini kwamba kurejesha ndiyo nusu ngumu ya kazi hii, na ndiyo nusu inayoachwa.

Bahati ikawasimamia kwa jambo moja. Saa sita hivi kabla ya ajali, fundi yule yule alikuwa amepiga picha ya diski ya hifadhidata kwa mkono wake na kuipeleka kwenye seva za majaribio, kwa sababu ya kazi nyingine aliyokuwa akiifanya. Picha ya namna hiyo haikuwa ya Azure; utaratibu wa kawaida wa kuzijaza seva za majaribio uliipiga mara moja tu kwa siku. Asingeipiga yeye, wangepoteza karibu siku nzima.

Wakaanza kuirudisha data kutoka kwenye seva za majaribio. Diski za seva hizo zilikuwa za aina ya bei nafuu, zenye mwendo wa pole, na kazi ikala karibu saa 18. Wakati huo wote GitLab walifanya kitu ambacho makampuni mengi yasingethubutu. Waliweka wazi daftari lao la kazi mtandaoni, kila mtu asome wanachojaribu na kinachoshindikana, kisha wakarusha matangazo ya moja kwa moja YouTube huku mafundi wakifanya kazi. Maelfu ya watu wakakaa kuwatazama. Huduma ilirudi saa kumi na mbili jioni ya tarehe 1 Februari, kwa saa za Greenwich.

Kabla ya kufungua mlango, walifanya jambo dogo ambalo nataka mlielewe vizuri, kwa kuwa hapo ndipo elimu ya hifadhidata za uhusiano inapoonekana. Turudi maktabani. Tuseme asubuhi orodha iliishia kitabu namba 500. Mchana vikaongezwa vitabu kumi, 501 mpaka 510, na barua zikatumwa kwa wazazi zikivitaja kwa namba hizo. Jioni orodha ikapotea, mkarejesha ya asubuhi. Orodha hiyo haijui chochote kuhusu vitabu vya mchana. Kitabu kipya kitakachoingia kesho kitapewa namba 501, na mzazi aliyeshika barua ya jana ataelekezwa kwenye kitabu kisicho chake. Kwenye GitLab balaa lingekuwa kubwa zaidi, maana viungo vyenye namba za zamani vilikwisha kusambaa katika barua pepe na kurasa za watu. Kwa hiyo waliziruka namba: kila kihesabio katika hifadhidata kilisogezwa mbele kwa 100,000, ili namba yoyote iliyowahi kutolewa katika zile saa zilizopotea isitolewe tena kwa kitu kingine.

Walikadiria kwamba miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700 viliguswa na upotevu ule. Programu zenyewe, kwa kuwa zilikaa kando, zilibaki salama. Katika ripoti yao ndefu, fundi aliandikwa kama mwanatimu namba moja, bila jina, na lawama ikawekwa kwenye utaratibu uliomwachia mtu mmoja aliyechoka kusimama peke yake kati ya amri moja na data ya watu wote. Naiona kuwa hukumu ya haki.

Kisa hakikuishia hapo, kwani mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilihama. Waliamua kutoka Azure kwenda wingu la Google, na kuhama na hifadhidata hai si jambo la kubeba mizigo na kuondoka. Watu wanaandika humo kila sekunde. Ukinakili leo na kufungua kesho, umeacha nyuma kila kilichoandikwa katikati. Kwa hiyo walijenga GitLab ya pili kamili upande wa Google, wakaifanya iige ile ya Azure. Mkumbuke kwamba kuiga si nakala ya akiba, lakini kwa kuhama hakuna njia bora zaidi. Wakafanya mazoezi ya siku ya kuhama, mara nyingi, hatua kwa hatua, wakiandika kila kilichokwama. Tarehe 11 Agosti 2018 walifunga mlango wa maandishi, wakasubiri upande wa pili ufikie tone la mwisho, wakaupandisha cheo kuwa mkuu, kisha wakaelekeza anwani yao huko. Sisi wa Afrika Mashariki tuna uhamisho wetu wa kukumbuka: Aprili 2015 Safaricom walihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani kuja Kenya, na fedha za mamilioni ya watu zikasafiri kama orodha za namba.

Siku hizi huduma za wingu hufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa niaba yako. Amazon RDS, iliyoanza mwaka 2009, hupiga nakala yenyewe kila siku na kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, hivyo unaweza kuomba hifadhidata jinsi ilivyokuwa jana saa nane na dakika kumi mchana. Hukujengea mpya pembeni, ile ya zamani ikibaki ilivyo. Muda wa juu wa kuzitunza nakala hizo ni siku 35. Lakini mfumo hautakuambia kama kilichomo ndani ya nakala ndicho ulichokitaka, wala hautajua kama kosa lako lilianza siku 40 zilizopita.

Kwa hiyo nina ombi. PostgreSQL ni ya bure, na pg_dump na pg_restore huja nayo. Wekeni katika kompyuta ya shule, mtengeneze zile orodha tatu za maktaba, mwandike humo vitabu mia. Toeni nakala. Kisha futeni hifadhidata nzima kwa makusudi, mrejeshe kutoka kwenye nakala, na mhesabu vitabu kimoja kimoja. Fanyeni hivyo kabla hamjakabidhiwa data ya mtu mwingine.