Kompyuta za Wageni na Malaria Yetu



Mwezi wa Machi 2017 Serikali ya Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria. Kati ya tarehe 1 Januari na tarehe 10 Machi mwaka huo walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wagonjwa milioni 1.8, na watu 700 walikuwa wamefariki. Katika hali kama hiyo wakuu wa afya hukabiliwa na swali gumu: fedha ni chache, je, zinunue vyandarua, dawa ya kupulizia ukutani, au dawa za kutibu? Swali hilo halijibiwi kwa kubahatisha, maana anayelipia kosa ni mtoto.

Wataalamu wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Basel, Uswisi, walitengeneza programu ya kompyuta inayounda kijiji cha kubuni. Humo watu huzaliwa, huumwa na mbu, huugua, hupona, na wengine hufa. Mtaalamu hugawa vyandarua katika kijiji hicho, kisha hutazama hali itakavyokuwa baada ya miaka mingi. Lakini kuumwa na mbu ni jambo la nasibu, hivyo hesabu ile ile hurudiwa maelfu ya mara kwa masharti mbalimbali. Kompyuta moja ingezeeka kabla ya kuimaliza.

Ndipo walipoombwa watu wa kawaida watoe nguvu za kompyuta zao za nyumbani. Mwenye kompyuta huweka programu maalumu. Kila anapoiacha mashine yake bila kazi, programu hupokea kifurushi kidogo cha hesabu kwa njia ya intaneti, hukikokotoa, na kurudisha jibu. Kifurushi kimoja huweza kupelekwa kwa watu zaidi ya mmoja ili majibu yalinganishwe. Mpango huo, uliohusisha pia kituo cha CERN cha Geneva, uliitwa Africa@home. Katika majaribio, watu 500 tu walifanya kwa miezi michache kazi ambayo ingeichukua kompyuta moja miaka 150. Mwezi wa Julai 2006 mlango ulifunguliwa kwa watu wote, na mradi wa malaria uliendelea hadi 2016. Mingine imefuata: mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kilianza kwa njia hiyo hiyo kukokotoa mvua za Afrika kusini mwa Sahara.

Je, mkazi wa Bujumbura naye ajiunge? Kompyuta ya mezani inayotumia wati 100 usiku na mchana hula karibu kilowati-saa mbili na nusu kwa siku. Huko Ulaya huenda mtu asiuhisi mzigo huo. Hapa kwetu, ambapo umeme hununuliwa kwanza ndipo uwake, na hukatika bila kubisha hodi, mzigo huo ni wa kweli. Asiyeweza asione haya.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Waafrika walichangia kazi hii kabla ya kompyuta hizo kuwashwa. Kile kijiji cha kubuni kilipimwa kwa takwimu za vijiji halisi, vikiwemo Namawala na Idete katika bonde la Kilombero, Tanzania, ambako wanakijiji walikubali kutolewa damu na mbu wao kuhesabiwa.

Lakini Kilombero ni bonde la joto. Huko malaria ni ya kila mwaka, kama ilivyo kwetu katika tambarare ya Imbo. Kayanza na Ngozi ni nchi ya milima yenye baridi. Watu wake hawana kinga ya kutosha, na mlipuko wa mwaka 2000 na 2001 uliwakumba vibaya mno. Programu iliyofunzwa kwa takwimu za bondeni haiwezi kuisemea Kayanza mpaka ipewe takwimu za Kayanza. Nazo zaanzia kwa muuguzi wa kituo cha afya, mwenye foleni ndefu mlangoni, anayeandika daftarini umri wa mgonjwa, mlima anakotoka, na jibu la kipimo cha damu.