Puedo, lakini Podemos: Kazi ya Mkazo katika Kitenzi cha Kihispania

Msomaji mmoja wa Arusha, anayejifunza Kihispania ili awaongoze watalii, ameniletea swali ambalo nimelipenda. Anasema vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo ameshavimudu: hablar (kusema), comer (kula), vivir (kuishi). Kisha akakutana na poder (kuweza). Alitarajia podo, podes, pode. Akakuta puedo, puedes, puede. Alipoanza kuizoea hiyo ue, akafika kwenye "tunaweza" na kukuta o imerudi kama kawaida: podemos. Mwalimu wake alimwambia hivyo ni vitenzi vikaidi, dawa yake ni kuvikariri. Anauliza kama ni kweli havina kanuni.

Vina kanuni. Tena ni kanuni ile ile inayoendesha hablar na vivir, ila kwenye hivyo imejificha.

Majedwali yamo katika kila kitabu cha Kihispania, sitayanakili hapa. Inatosha kusema kwamba Mswahili huiweka nafsi mbele ya kitenzi na Mhispania huiweka nyuma. Sisi ninasema, unasema, anasema. Wao hablo, hablas, habla. Kwa kuwa kiishio kimeshamtaja mtenda, hawana haja ya kutamka yo (mimi) au tú (wewe) kila mara, kama ambavyo kwetu "mimi ninasema" husikika mtu anapotaka kujitofautisha na wengine.

Ninachotaka tukitazame ni irabu iliyokaa katikati. Habl-a-mos, com-e-mos, viv-i-mos: mzizi, irabu, kisha alama ya "sisi". Irabu hiyo haina maana yake yenyewe. Kazi yake ni kuonyesha kitenzi ni cha kundi lipi kati ya makundi matatu. Tuiiteje? "Irabu tamati" tunayo tayari kwa ile -a ya soma na pika, lakini hii ya Kihispania haiko tamati, imebanwa katikati. "Irabu shina" nimeijaribu nikaiacha, maana shina kwa wanaisimu wetu lina kazi nyingine. Mimi naiita irabu ya ukoo. Hablar ni wa ukoo wa a, comer wa e, vivir wa i. Na jambo lenyewe si geni kwetu. Soma na pika hubadilika tunapokanusha, tukasema sisomi, sipiki. Safiri, jibu na samehe, vilivyotoka Kiarabuni na irabu zao, havibadiliki: sisafiri, sijibu, sisamehe. Nasi tuna koo zetu.

Sasa tuje kwenye mkazo, na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, kwa n au kwa s hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kanuni yetu hasa: PIga, piGAna, pigaNIsha. Tukiongeza silabi nyuma, mkazo nao husogea nyuma.

Fikiria watu wanaorudi kijijini usiku kwa njia nyembamba, wameongozana mmoja nyuma ya mwenzake, na tochi ni moja. Wamekubaliana kwamba atakayeishika ni mtu wa pili kutoka mwisho. Wakiwa wawili, ha-blo, tochi iko kwa ha, yaani kwa mzizi. Akiongezeka mmoja nyuma, ha-bla-mos, tochi inahamia kwa bla, na mzizi unaendelea kuongoza gizani. Hakuna aliyebadili makubaliano. Kilichobadilika ni urefu wa msafara tu.

Mwenye tochi anaonekana sura yake yote, hata kovu la usoni. Aliye gizani unamkisia kwa kivuli, na gizani ndugu wawili wanaofanana huwezi kuwatenganisha. Ndilo lililozipata irabu e na i. Tazama comes na vives, come na vive, comen na viven: ukoo wa e na ukoo wa i vina viishio sawa kabisa. Tofauti inajitokeza kwenye comemos na vivimos tu, pamoja na coméis na vivís za "ninyi". Kwa nini hapo tu? Kwa sababu hapo ndipo tochi ilipo mkononi mwa irabu ya ukoo, na i inaonekana kuwa ni i. Kwingineko i iko gizani, nayo imesikika kama e kwa karne nyingi mpaka ikawa e kweli.

Mwenye tochi ana tabia nyingine. Akijua anatazamwa, hujinyoosha. O fupi ya Kilatini ilipopata mkazo katika vinywa vya watu wa Castilla ilivutwa na kuvutwa hadi ikapasuka kuwa ue, na e fupi ikapasuka kuwa ie. Gizani hazikuwa na wa kujinyooshea, zikabaki o na e.

Kitenzi kinachoonyesha mambo yote mawili kwa pamoja ni dormir (kulala), na ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye ukuta wa kila darasa la Kihispania. Mrumi alisema dormis, unalala, na dormimus, tunalala. Leo ni duermes na dormimos. Katika duermes tochi iko kwa mzizi: o imejinyoosha ikawa ue, na i ya ukoo, iliyoachwa gizani, imefifia ikawa e. Katika dormimos tochi iko kwa irabu ya ukoo: i imebaki i, na o, isiyotazamwa na mtu, imebaki o. Irabu mbili zimebadilika upande mmoja, irabu zile zile mbili zimesalimika upande wa pili, na aliyetenda yote hayo ni mkazo kuhama silabi moja.

Mtu makini ataniuliza kuhusu habláis, "ninyi mnasema", ambayo mkazo wake uko mwisho na imeandikwa na alama juu ya a. Je, hiyo haivunji makubaliano? Haikuyavunja ilipozaliwa. Kihispania cha kale kilisema fablades, fa-bla-des, mkazo ukiwa wa pili kutoka mwisho kama unavyotakiwa. Baadaye d ilidondoka, silabi mbili za mwisho zikaungana, na tochi ikabaki kwa yule yule aliyekuwa ameishika, ambaye sasa ndiye wa mwisho.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Argentina. Huko rafiki haambiwi tú puedes, anaambiwa vos podés. Si tú duermes, ni vos dormís. Mkazo umekwenda silabi ya mwisho, mzizi umeachwa gizani, na ile ue haipo. Mtoto wa mjini Rosario hafundishwi hilo na mtu. Anaweka mkazo mahali pake, na o inabaki mahali pake.

Wala jambo hili halikuishia kwenye vitenzi. Saba ni siete lakini sabini ni setenta; tisa ni nueve na tisini ni noventa. Mlango ni puerta, na golikipa, mlinda mlango, ni portero. Wale wanaofuatilia ligi ya Hispania wamekuwa wakiisikia kanuni hii kila wiki bila kujua. Kireno, lugha jirani iliyotuachia meza na bendera, hakikupasua kitu: mlango ni porta, saba ni sete, tisa ni nove, unalala ni dormes.

Nikiri haraka kwamba si kila o hujinyoosha. Kilatini kilikuwa na o fupi na o ndefu, na iliyopasuka ni ile fupi. Kulia machozi ni llorar, kutoka o ndefu, na nalia ni lloro. Deber (kupaswa) kina e iliyokuwa ndefu, ndiyo maana ni debo. Pedir (kuomba), kinachotoa pido, kina kisa chake, nacho kingehitaji makala nyingine.

Kabla hatujaona kwamba haya ni vituko vya Wahispania, tutazame kula. Anasoma, analima, lakini si "anala", ni anakula. Hiyo ku ya nini, ikiwa kitenzi si tena cha kutajwa tu bali kimeshapata nafsi na wakati? Ni mkazo. Mzizi -la ni silabi moja, kwa hiyo mkazo ungeangukia -na-, na alama za wakati -na-, -li-, -ta- na -me- haziubebi. Basi ku inabakizwa ili iubebe: anaKUla, aliKUnywa, ataKUja. Akipatikana mwingine wa kuubeba, ku huondoka bila kuaga. Nyama tunasema anaila, maana i ya nyama imeupokea mkazo. Katika kukanusha tunasema hali, maana ha inauweza. Vitabu vingi vya kuwafundisha wageni Kiswahili huorodhesha kula, kunywa, kuja na kufa kuwa vighairi. Si vighairi hata kidogo. Ni vitenzi vifupi vinavyoutafutia mkazo mahali pa kukaa.

Kwa mwanafunzi wa Kihispania, faida ya haya yote ni kupunguziwa kazi. Kitenzi kipya cha aina hii kikija, usikariri maumbo sita. Shika mawili, la "mimi" na la "sisi": vuelo na volamos kwa kuruka angani, niego na negamos kwa kukana. La kwanza linakuonyesha mzizi ukiwa na mkazo, la pili linakuonyesha irabu ya ukoo ikiwa na mkazo. Manne yaliyobaki unaweza kuyaunda mwenyewe, na ukifika Argentina utaunda na la tano.