Saa za Seva Zikipishana, Haki ya Mwananchi Huingia Shakani

Na Mwandishi Wetu

Kadiri huduma za Serikali zinavyohamia katika mifumo ya kielektroniki, muda unaoandikwa na kompyuta umekuwa ushahidi. Zabuni hufungwa kwa saa iliyotangazwa, na maombi ya ajira hupokelewa hadi siku na muda maalumu. Iwapo seva moja imechelewa dakika tatu na nyingine imetangulia dakika mbili, ombi lililowasilishwa kwa wakati laweza kuonekana limechelewa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Mwaka 2015 inaelekeza kwamba, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, uzingatiwe uaminifu wa namna taarifa ilivyozalishwa, kuhifadhiwa na kuwasilishwa. Ni dhahiri kuwa kumbukumbu iliyoandikwa na saa isiyoaminika itatiliwa shaka.

Kwa nini saa hupotoka

Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande kidogo cha kwatzi ambacho mtetemo wake hubadilika kwa joto na kwa umri. Upotofu wa sehemu 20 tu katika kila milioni ni sawa na takribani sekunde 1.7 kwa siku, yaani zaidi ya sekunde 50 kwa mwezi.

Tiba yake ni itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David L. Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Itifaki hii hupanga saa kwa matabaka. Tabaka 0 ni saa za atomiki na vipokezi vya setilaiti za GPS. Tabaka 1 ni seva zilizounganishwa navyo moja kwa moja. Tabaka 2 hupokea muda kutoka tabaka 1, na kuendelea hadi 15. Namba 16 humaanisha kuwa saa haijaoanishwa.

Kompyuta inapoomba muda, huandika saa iliyotuma ombi na saa iliyopokea jibu, na seva nayo huandika saa iliyopokea na iliyojibu. Kwa kulinganisha nyakati hizo nne, kompyuta hujua safari ya mtandaoni imechukua muda gani na saa yake imepotoka kiasi gani.

Namna ya kupanga mtandao wa ofisi

Kwanza, taasisi iwe na seva zake za muda, na kila moja ichukue muda kutoka vyanzo visivyopungua vinne. Chanzo kimoja kikikosea hakuna wa kukisahihisha. Viwili vikitofautiana haijulikani kipi ni sahihi.

Pili, kompyuta za watumishi zielekezwe kwenye seva hizo za ndani pekee. Katika Linux, programu ya chrony hutumia faili la chrony.conf: mstari wa "server" hutaja chanzo, na mstari wa "allow" hutaja mitandao inayoruhusiwa kuuliza. Katika domeni ya Windows, kompyuta hufuata seva za domeni zenyewe. Hivyo inayopaswa kuelekezwa kwenye chanzo cha nje ni seva yenye jukumu la PDC.

Tatu, kinga ya mtandao iruhusu mawasiliano ya UDP kupitia mlango namba 123, kwa seva zilizokusudiwa tu.

Nne, majira yawekwe kwa usahihi. Tanzania iko saa tatu mbele ya muda wa dunia, UTC, na seva nyingi huandika kumbukumbu kwa UTC. Tukio lililoandikwa 07:00 lilitokea 10:00 kwa majira yetu, yaani saa 4:00 asubuhi. Mkaguzi asiyelijua hilo anaweza kumhusisha mtumishi na tukio lililotokea akiwa hayupo zamu.

Tano, maofisa TEHAMA wahakiki mara kwa mara. Amri ya "chronyc tracking" katika Linux na "w32tm /query /status" katika Windows huonesha chanzo kinachofuatwa na tabaka lake. Saa ya mfumo unaotumika isirudishwe nyuma kwa ghafla, kwani malipo ya pili yaweza kuonekana yametangulia ya kwanza. Programu iachwe iisogeze taratibu. Aidha, katika domeni ya Windows, kompyuta iliyopishana na seva kwa zaidi ya dakika tano kwa kawaida hukataliwa kuingia, hata kama nywila ni sahihi.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anashauriwa kuweka simu au kompyuta yake katika mpangilio wa muda wa kujirekebisha yenyewe, kutosubiri dakika za mwisho, na kutunza ujumbe wa kupokelewa kwa ombi lake. Muda unaohesabika kwa kawaida ni ule wa mfumo uliopokea ombi, si wa kifaa cha mwombaji. Ndiyo sababu taasisi nayo inawajibika kuhakikisha saa ya mfumo huo ni sahihi.