Kijana, Usiiache Kalamu

Kijana, umejifunza kusoma na kuandika. Sasa usiiache kalamu. Shamba lisilolimwa huota magugu. Mkono usioandika husahau.

Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alikuwa karani wa serikali. Hata hivyo, tangu mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zimekuwa kitabu.

Nawe anza hivi. Kila jioni andika mistari mitano. Mvua ilinyesha lini? Bibi alisimulia nini? Soma ulichoandika kwa sauti. Ulimi ukikwama, sahihisha hapo. Kisha mwandikie barua ndugu yako aliye mbali.

Wazee wetu wanaondoka na hadithi zao. Usipoziandika leo, wanao watazisoma wapi?